Usingizi hauji tu

Kulwa, binti wa dada yangu, anaendelea vizuri. Kidole tumbo kilichopasuka niliwaandikia juzi, na sasa kidonda kinakauka na ameanza kunywa uji. Jumamosi kaka yetu alipeleka ng'ombe Magu, mahari ikapokelewa, nasikia watu walicheza mpaka giza likaingia. Mimi nilikuwa wodini, na wiki nzima ninachokiwaza ni swali la nesi mmoja wa zamu ya usiku.

Alikuja saa mbili na dawa ya mshipa. Alipomaliza hakuondoka. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Binti, nyumbani huwa unalala saa ngapi?"

Kulwa akanitazama mimi kwanza. Mnamjua, hamjibu mgeni mpaka apate ruhusa ya macho.

"Saa sita. Siku nyingine saa saba."

"Unachezea simu?"

"Hapana, sista. Usingizi hauji tu."

"Kwa umri wako hauji mapema. Na hapa tunakuamsha saa ngapi?"

"Saa kumi, dawa. Halafu mnapima joto. Halafu wanaingia wa kudeki."

Nesi akahesabu kwa vidole. "Masaa manne," akasema, akabaki ameshika ile faili.

Usingizi hauji tu. Nimelirudia hilo neno ndani ya daladala ya Buzuruga, nimelirudia darasani. Dada yangu amepigana na simu ya hawa pacha mwaka mzima, mnajua vita vile. Lakini Doto hana simu tangu aliponyang'anywa, na saa sita za usiku bado anageukageuka kitandani. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu. Haya nimeyaandika ubaoni. Kijana akishabalehe, melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutoka, mara nyingi kwa saa moja au mbili. Ila hitaji la kulala halipungui: miaka 13 hadi 18 wanashauriwa saa 8 hadi 10. Usiku unaanza kwa kuchelewa na lazima uishe kwa kuchelewa, vinginevyo kinachokatwa ni usingizi wenyewe.

Na wodini unakatwa kweli. Ile saa kumi haikuchaguliwa na mtu. Upasuaji uliisha jioni, dozi ya kwanza ya metronidazo, ile dawa ya mshipa, ikaingia saa mbili usiku, na kwa kuwa dawa hiyo alipangiwa kila baada ya saa nane, ratiba ikaganda hapohapo: saa mbili usiku, saa kumi alfajiri, saa sita mchana. Nesi yule alikwenda kuongea na daktari wa zamu, akarudi akasema watasogeza: saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana. Joto litapimwa dawa inapoingia, binti aamshwe mara moja tu, kisha aachwe alale tena. Hakuna kifaa kilichonunuliwa wala kitanda kilichohamishwa. Mtu aliuliza swali.

Usiku uliofuata Kulwa alilala mpaka nikainama kumsikiliza kama anapumua. Mchana wakati wa kusafisha kidonda hakulia. Najua kidonda kilikuwa kimeshapona kiasi, lakini najua pia kwamba mwili uliokosa usingizi huhisi maumivu zaidi, na nilikuwepo siku zile alipokuwa akiung'ang'ania mkono wangu.

Halafu asubuhi iliyofuata, wakati wa kupita wagonjwa, mmoja katika msafara wa makoti meupe akasimama miguuni pake.

"Huyu mbona bado kalala? Wenzake wameshaota jua."

Kulwa akakurupuka, mkono tumboni, "Shikamoo" ikatoka kabla macho hayajafunguka. Nilihisi joto masikioni. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba mtoto amepangiwa kupumzika. Wakacheka kidogo: vijana wa siku hizi, wakapita.

Wenzake ni nani? Kitanda cha jirani yupo bibi wa Ukerewe. Huyo saa mbili usiku amekwisha kulala, saa kumi na moja yuko macho anasali, na ni haki yake, mwili wa mzee ndivyo unavyokwenda. Kulwa ana miaka 15. Wodi ya watoto walisema ni mkubwa, hii ya wanawake haina wa umri wake, na swichi ya taa ni moja kwa wote. Akilala mchana anaitwa mvivu, akikesha anaambiwa ni simu. Natamani lile swali liandikwe kwenye fomu ya kumpokea kila kijana, chini ya uzito na aleji: huwa unalala saa ngapi? Nitamtafuta nesi yule kabla hatujaruhusiwa, nimwambie hivyo hivyo.

Dada hakuja leo, yuko Mwaloni, sokoni kwenye dagaa zake. Mwezi unakaribia kujaa, na kwenye mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mzigo utapungua na bei itapanda. Jana mvua ilimnyeshea hata ule mdogo aliokuwa ameuanika. Marejesho ya kikoba ni Jumatano, na sijui atayatoa wapi.