Kitako cha Kalamu Kilichokataa Kuzunguka

Siku kumi za mafunzo ya sheria za bahari nilizokaa Hamburg sina la kuzisimulia, kwa kuwa chumba cha mafunzo ni chumba cha mafunzo popote duniani, na chai yake ni ileile. Ninayotaka kuyaandika ni ya Jumamosi moja na Jumanne iliyoifuata, siku nilizojua kwamba mtu anaweza kusoma habari za kitu kwa miaka kumi na miwili na bado akauziwa kivuli chake mchana kweupe.

Mimi ni mkusanyaji wa kalamu za wino, zile za kujazwa wino, zenye ncha ya metali iitwayo nibu. Ninazo thelathini na moja, zimepangwa katika kabati la vioo sebuleni kwetu Tanga, na mke wangu huziita wake wenzake. Nyingi si za bei kubwa, lakini chache zilinigharimu fedha ambazo sijawahi kuzitaja kwa sauti nyumbani. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mafunzo yatakuwa Hamburg, jambo la kwanza kunijia halikuwa bahari wala sheria. Lilikuwa Montblanc, kampuni ya kalamu iliyoanzia katika mji huo mwaka 1906.

Jumamosi asubuhi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi huko mwaka wa kumi na sita sasa, alinipeleka Lurup, magharibi mwa mji, mahali kilipo kiwanda. Jirani yake kuna jengo la maonyesho lililofunguliwa mwaka 2022, jeusi, refu na la chini, mfano wa kasha la kalamu lililolazwa kwenye majani. Humo ndani nilitembea kama mtu aliyeingia msikitini kwa mara ya kwanza. Niliziona kalamu zao za Meisterstück, jina lililoanza kutumika mwaka 1924, na nikaiona 149, ile nene iliyotoka mwaka 1952, ambayo nibu yake ya dhahabu ya karati 18 imechorwa namba 4810, urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama ulivyohesabiwa zamani. Wajapani wa Platinum nao wana kalamu yenye namba 3776, kwa ajili ya Fuji. Nilisimama pale nikiwaza kwamba 5895 ya mlima wetu sijaiona kwenye nibu yoyote, ingawa ingewafunika wote wawili.

Lililonishika zaidi lilikuwa namna zilivyopangwa. Hazikurundikwa. Kila moja ilipewa nafasi yake ya kupumua, mwanga mdogo ukiiangukia yenyewe tu, na jua halikuruhusiwa kuifikia. Nikalikumbuka kabati langu, nililoliweka kwa makusudi mbele ya dirisha la mashariki ili wageni wazione zikimetameta asubuhi. Ninayo Waterman ya zamani ya eboniti, ile raba ngumu nyeusi, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikijiuliza kwa nini inageuka rangi ya kahawia kama chai iliyolala. Ni jua hilohilo, likisaidiwa na unyevu wa pwani. Niliona haya mbele ya vioo vya watu.

Tulipotoka tulikunywa kahawa mbili kwa euro tisa na senti arobaini, na shemeji akaniomba nisizibadilishe kuwa shilingi maana zingenikaa kooni. Nilizibadilisha, na kweli zilinikaa. Choo cha stesheni nacho ni cha kulipia, jambo ambalo mpaka leo sijalisamehe.

Saa tisa alasiri tulikuwa katika soko la vitu vya mitumba: masanduku ya sahani, kamera za babu zao, makoti ya ngozi yaliyokwisha joto. Nilikuwa bado na homa ya yale niliyoyaona asubuhi. Mwishoni mwa mstari, juu ya kitambaa cha mahameli cha rangi ya zambarau, mwanamume mmoja wa makamo alikuwa ametandaza saa, vifungo vya mikono ya shati na kalamu sita. Ya katikati ilikuwa 149: nyeusi, nene, nyota nyeupe kichwani, pete tatu za dhahabu kiunoni, nibu ya rangi mbili.

Akasema ni mali ya mjomba wake marehemu, aliyekuwa daktari, na haijawahi kutiwa wino. Bei euro mia mbili na sitini. Dukani mpya hukaribia elfu moja au kuipita, na hilo nalijua kama ninavyojua nauli ya basi la Muheza. Nikamwambia mia na hamsini. Akashika moyo wake kama aliyepigwa mshale. Tukavutana, nikaondoka, akaniita, nikarudi, tukafungia mia na themanini. Alipokuwa akiifunga katika karatasi laini aliniinamia na kuninong'oneza kwamba nisiitie wino kamwe, kwani kalamu ambayo haijaonja wino ndiyo inayopanda thamani.

Mkusanyaji yeyote amewahi kusikia maneno hayo, tena yana ukweli wake. Ndiyo maana yalinifunga mikono. Nilirudi nayo nyumbani kwa shemeji nikaiweka juu ya meza, nikaiangalia kutoka kila upande isipokuwa ule mmoja uliotakiwa.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo si mifuko thelathini ya saruji?"

Nikamjibu kwamba saruji haipandi thamani.

Jumapili alinipeleka makaburini Ohlsdorf, kwenye kaburi la Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akahamia Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Alifariki mwaka 1924, mwaka uleule wa jina la Meisterstück. Katika kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza kwamba alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Tulimsomea dua, mvua ikaanza, tukaondoka. Nilikuwa na kalamu ya euro mia na themanini mfukoni, nami kwa mwezi mzima nilikuwa sijaandika kwa mkono chochote zaidi ya sahihi.

Jumanne jioni nilikwenda kwa fundi. Sitamtaja jina, ni mzee mstaafu anayerekebisha nibu katika chumba cha nyuma cha duka dogo, kwa miadi tu, na miadi yangu niliiomba wiki sita kabla ya safari. Nilikuwa nimempelekea Pelikan M800 yangu, ya mistari ya kijani, ambayo tangu niinunue imekuwa na tabia ya kuruka herufi ya kwanza ya kila neno. Nikiandika "kalamu" inatoka "alamu". Lakini nilipoketi nilitanguliza ile 149, kwa majivuno, nikaiweka katikati ya meza yake bila kusema neno.

Hakuifungua kifuniko. Aliishika kwa vidole viwili, akakishika kitako chake kwa vidole viwili vingine, akazungusha. Hakikuzunguka. Akaniangalia.

Moto ulinipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Kalamu ya 149 hunywa wino kwa pistoni, na pistoni hiyo huendeshwa kwa kuzungusha kitako. Haijapata kutengenezwa ya aina nyingine. Nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza nilipoanza kukusanya, na asubuhi ya siku ileile ya kununua nilikuwa nimesimama mbele ya kalamu hizo huko Lurup. Mzee akaifungua tumbo, na ndani mkatokea kipampu cha plastiki cha bei ya pipi. Akachukua sumaku ndogo kutoka kwenye droo, akaisogeza karibu na nibu, nibu ikairukia. Dhahabu hairukii sumaku.

Hakucheka, wala hakunipa pole. Aliirudishia kifuniko, akaisukuma upande wangu wa meza, akanyoosha mkono kuomba hiyo nyingine.

Saa moja na robo iliyofuata ndiyo iliyonilipa safari. Kwanza alinipa karatasi na kuniambia niandike, lolote lile, kwa mwendo wangu wa kawaida. Nikaandika jina langu. Akatikisa kichwa: jina mtu huliandika bila kufikiri. Nikaandika kwa Kiswahili orodha ya vitu nilivyoagizwa nyumbani, viatu vya Salma namba thelathini na nne, dawa ya mgongo ya mama, na katika muda wote huo mzee hakuitazama kalamu hata kidogo. Alikuwa akitazama mkono wangu: unavyolala, kifundo kinavyopinda, ninavyoigeuza kalamu kidogo kuelekea kushoto bila kujua.

Kisha akaichomoa nibu kwa kuizungusha kwa vidole, maana Pelikan za aina hiyo hufunguka kama kifuniko cha chupa, akaiweka chini ya lenzi ya sonara na kuniita nichungulie. Ncha ya nibu, ule ukokoto wa metali ngumu uliochomelewa mwishoni mwa dhahabu, ilikuwa na mpasuko wake wa kawaida katikati kama ukwato wa mbuzi, lakini kingo za ndani za mpasuko huo zilikuwa zimesuguliwa kiwandani kupita kiasi, zikaviringika. Wino unateremka mpaka kwenye ukingo, unaning'inia, haufiki kwenye karatasi mpaka mkono ukandamize. Hapo ndipo "k" yangu ilipokuwa ikipotelea.

Akapitisha kipande cha shaba chembamba kuliko unywele katika mpasuko kuusafisha. Akayalinganisha meno mawili kwa ukucha wa kidole gumba, mara tatu, kila mara akirudi kwenye lenzi. Halafu akaishika kalamu kama ninavyoishika mimi, kwa mlalo wangu na mgeuko wangu wa kushoto, akachora namba nane juu ya msasa laini mno, nane tano au sita, akaosha, akajaza wino, akanipa niandike. Hapana. Nane mbili zaidi. Hapana. Nane moja.

Nilikumbuka marehemu baba akihadithia chuo alichosomea udogoni, ambako mwalimu alikuwa akimchongea kila mtoto kalamu ya unyasi kwa kisu, akiikata ncha mshazari kwa kumtazama kwanza mtoto anavyoketi, na aliyechukua kalamu ya mwenzake mwandiko wake ulijulikana siku hiyohiyo. Nilikuwa nikidhani anatia chumvi.

Mara ya tatu "k" ilitoka nzima, na "alamu" ikaifuata. Mzee alidai euro arobaini na tano. Nililipa bila kuzibadilisha kuwa shilingi.

Usiku huo nilimpigia simu mke wangu kumwomba alisogeze kabati kutoka dirishani. Akaniuliza kama nimeugua.

Asubuhi ya kuondoka nilimwachia shemeji ile kalamu ya mahameli, nikimwambia aitupe. Akaitia katriji ya euro moja na nusu, akajaribu nyuma ya bahasha, akajaribu tena. Haikuruka hata herufi moja. Alikuja nayo uwanja wa ndege, na wakati mimi nikilipia kilo nne zilizozidi, kwa bei ambayo sitaiandika hapa, yeye alikuwa ameegemea kaunta akijaza kwa kalamu hiyo fomu yake ya posta.

"Inateleza vizuri hii, shemeji," akasema, na akaichomeka mfukoni nyota ikiwa nje.