Pikapu iliyokuwa inavuja ikijazwa tu

Ile pikapu ilikuwa inanuka petroli asubuhi, tena sio kila asubuhi. Nikijaza tenki jioni, kesho yake nakuta harufu imetanda na chini kuna doa bichi usawa wa kona ya nyuma ya tenki. Nikishaitembeza ikafika nusu tenki, kimya, hakuna harufu wala doa, mpaka nijaze tena.

Fundi wa kwanza aliinama akapitisha kidole chini ya tenki, kikatoka kimelowa, akasema tenki limetoboka, tulishushe tumwage mafuta tulichomelee leo leo. Nilikataa palepale. Watu wengi wanadhani tenki likishamwagwa limekuwa salama kumbe ndo limekuwa bomu, maana kilichobaki ndani ni mvuke, na mvuke wa petroli ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa cheche moja inatosha kulipua. Tenki halichomelewi hadi lioshwe na kufukuzwa mvuke wote na mtu anayejua anachofanya, na pale hakuna aliyezungumzia kuosha. Halafu kuna swali lilikuwa linanikera tangu mwanzo: kama tundu liko chini, kwa nini linanyamaza mafuta yakifika nusu? Lingeendelea kudondosha hadi tone la mwisho.

Nikampelekea habari jirani yetu, mzee mmoja aliyefanya ufundi wa malori miaka mingi. Alinisikiliza hadi mwisho ndo akauliza, "Kijana, unapaki pua ikiangalia mlima au bonde?" Nikamwambia mlima, kwenye kale kamteremko ketu. "Leo jaza, kisha igeuze." Nikajaza, nikaigeuza, asubuhi doa lilikuwa dogo kabisa kama la kikombe. Mzee akasema basi mvujo uko juu, tena upande wa nyuma, maana gari ikiinua pua petroli yote inakimbilia nyuma na kupanda hadi pale penye ufa. Hiki kidole kilicholowa kule chini hakisemi kitu, mafuta yanaweza kutoka juu yakatambaa na ubavu wa tenki, yakafuata mkanda unaolishika, yakaja kudondokea kwenye kona iliyo chini kuliko zote.

Tukaanza kutafuta. Gari nje kwenye upepo, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini na kujaa kwenye mashimo, na mzee hakutaka hata kusikia habari ya kuingia kwenye shimo la gereji. Waya wa negativu wa betri ukatolewa kwanza, simu zikabaki ndani. Tukaosha tope lote ubavuni mwa tenki, likakauka, tukalipaka poda ya mtoto. Mimi nilikuwa siijui hii mbinu na nimeipenda mpaka leo, poda ikiguswa na petroli inabadilika rangi mara moja na unaona njia ilikopita kama mtu kachora. Tukawa tunaongeza mafuta kidogo kidogo. Nusu, pakavu. Robo tatu, pakavu. Karibu na kujaa, mstari mwembamba ukashuka kutoka juu, upande wa mpira wa kujazia.

Hapo wengi wanashusha tenki, na tenki lenye mafuta ni zito na la hatari. Mzee akasema kwenye pikapu ni afadhali kuinua bodi ya nyuma. Tukafungua skrubu za mdomo wa kujazia, tukachomoa waya za taa za nyuma, bolti za upande mmoja tukazitoa zote na za upande wa pili tukazilegeza tu, tukainua na kuweka magogo imara. Juu ya tenki kulikuwa na udongo uliokaa miaka na miaka, umeganda. Mpira mkubwa wa kujazia ulikuwa mzima. Pembeni yake kuna mwingine mdogo, ule wa kupumulia, unaoruhusu hewa itoke wakati mafuta yanaingia. Kwa juu unang'aa, ukiutazama unasema mpya. Mzee akapitisha kitambaa cheupe kwa chini yake, kikatoka na unyevu, nikaukunja ukafunguka ufa mrefu chini ya klempu, ile pete ya chuma inayoubana.

Sababu yake tuliiona tulipouvua. Kile kibomba cha chuma unapovalia kilikuwa na kutu yenye meno, na kila gari ikitikisika yale meno yanausugua mpira kutoka ndani. Ungevalisha mpira mpya pale pale bila kugusa kutu, ungerudi tena kwenye kazi hiyo hiyo. Tukakisugua taratibu kwa msasa wa mkono, hakuna mashine, hadi kikawa laini, baada ya kuziba mdomo wake kwa kitambaa uchafu usiingie. Tukabadilisha mipira yote miwili kwa mipira ya mafuta, sio ya maji, maana ya maji petroli inaivimbisha na kuilainisha haraka sana. Klempu tulikaza hadi ikashika, zaidi ya hapo inakata. Pampu ya mafuta hatukuigusa, ile sili yake, yaani mpira wa kuzibia, ikishatolewa huwa inavimba na hairudi kwenye nafasi yake, bila sili mpya mkononi unajitengenezea mvujo mwingine.

Nikajaza hadi juu, nikapaki pua ikiangalia mlima, nikatandika maboksi chini. Asubuhi maboksi makavu, harufu hakuna. Nikauchukua ule mpira wa zamani nikampelekea yule fundi wa kwanza. Akaukunja, akaona ufa, akauliza unakaa sehemu gani, tukalala wote chini ya gari nikamwonyesha.