Barolo ya 2010, jamani!

Watu wa waini nyekundu njooni hapa. Jana nimeonja Barolo ya 2010 huku huku inakotoka, vilima vya Langhe, Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, na mpaka sasa bado naisikia mdomoni. Ni zabibu aina moja tu, Nebbiolo, hawachanganyi na nyingine, na sheria yao inataka ikae miezi 38 ndo iuzwe, 18 kati ya hiyo kwenye mapipa ya mbao, ile ya Riserva, yaani Barolo inayokomazwa muda mrefu zaidi, ndo kabisa, miezi 62! Ukiiangalia kwenye glasi imepauka, rangi ya matofali, unadhani nyepesi, sasa weka mdomoni, inakaza ufizi kama chai ya rangi iliyokolea, halafu taratibu inakuja harufu ya waridi na lami, ndio, lami ile ya barabarani, na inapendeza ajabu.

Nebbiolo inachelewa kuiva, mpaka mwezi wa kumi huko ukungu umeshatanda mabondeni, ndo maana wanaipanda kwenye miteremko inayopata jua zaidi.

Vijiji vyenye ruhusa ya kutengeneza Barolo ni 11 tu. Wengi wanapenda za La Morra sababu zinalainika mapema, sawa, ila mimi moyo wangu uko Serralunga d'Alba, zikiwa changa ni ngumu kweli lakini zikipita miaka kumi na kitu, weee!

Bei imechangamka, sikatai. Ukiipata imimine kwenye jagi ipumue masaa kadhaa, na pembeni weka nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole.