Nailoni Inavyokunywa Maji

Bushi (mkono mfupi wa duara ambao shafti huzungukia ndani yake) ya kwanza ya nailoni niliyoikereza kwa ajili ya pampu ya maji ilidumu miezi michache tu, na haikuharibika kwa kulika. Shafti ilikuwa na kipenyo cha milimita 30, nami nikaacha nafasi ya milimita 0.1 kati yake na bushi, kama nilivyozoea kufanya kwa bushi za shaba. Pampu iliporudishwa, shafti ilikuwa imebanwa hata haizunguki kwa mkono. Nilidhani ni mchanga. Nilipoing'oa shafti na kulipima tundu kwa kalipa, nikakuta limekuwa dogo kuliko shafti yenyewe. Nailoni ilikuwa imekunywa maji ikavimba, na kwa kuwa upande wa nje ilishikwa na chuma, haikuwa na pa kwenda ila ndani.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba asiyejua uhusiano wa nailoni na maji hajaijua nailoni. Hapa nazungumzia nailoni halisi, kwa sababu katika maneno ya kila siku tunaita nailoni karibu kila plastiki laini ya kufungia vitu, ilhali nyingi kati ya hizo ni polithini, ambayo hainywi maji karibu kabisa.

Nailoni ni minyororo mirefu ya molekuli, na katika kila mnyororo, kila baada ya kaboni kadhaa, hurudi kundi lile lile la atomi liitwalo amidi. Haidrojeni ya amidi ya mnyororo mmoja huvutana na oksijeni ya amidi ya mnyororo wa jirani, na mivutano hiyo, ingawa kila mmoja ni dhaifu, ikiwa mingi huifunga minyororo pamoja kwa nguvu kubwa. Ndiyo sababu nailoni 66, mojawapo ya aina zake, haiyeyuki mpaka ifikie takriban nyuzi joto 260 za Selsiasi, ndiyo sababu uzi wake huvumilia kuvutwa, na ndiyo sababu mafuta, grisi na petroli haviidhuru. Lakini molekuli ya maji nayo huvutwa na amidi. Hupenya katikati ya minyororo, hushika mahali ambapo jirani alikuwa ameshika, na kuisukuma minyororo iachane kidogo. Nailoni 66 iliyozama majini hadi ishibe huongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 8. Kinachoipa nguvu ndicho hicho hicho kinachoyakaribisha maji.

Nailoni 66 ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers katika maabara ya DuPont huko Marekani. Tarakimu zake zinahesabu kaboni: sita kutoka katika kila moja ya kemikali mbili zinazounganishwa. Soksi za wanawake ndizo zilizoipa umaarufu mwaka 1940, kisha vita vikaichukua kwa ajili ya miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege.

Kiwandani, suala la maji huanza kabla hata ya kuyeyusha. Punje za nailoni zilizoachwa wazi hufyonza unyevu wa hewani, na zikiingizwa hivyo kwenye mashine ya kalibu, maji hayo katika joto kali huikata minyororo. Bidhaa hutoka na michirizi ya rangi ya fedha usoni na huvunjika upesi. Kwa hiyo punje hukaushwa kwa saa kadhaa katika joto la takriban nyuzi 80. Ajabu ni kwamba bidhaa ikishatoka, unyevu kidogo huwa rafiki. Chukua kamba ya nailoni ya kubania nyaya, ile yenye meno: ikikauka kupita kiasi hukatika unapoikaza, na ndiyo maana huuzwa katika mifuko iliyozibwa ili isipoteze unyevu wake. Maji hupunguza ugumu wa nailoni lakini huiongezea uwezo wa kupinda na kuhimili pigo.

Gia za nailoni huzunguka kimya na kwa mafuta kidogo sana, na hilo huzifanya zipendwe katika mashine za ofisini na za kusindika vyakula. Nailoni ikichanganywa na nyuzi fupi za kioo, mara nyingi kwa asilimia 30, hukakamaa kiasi cha kutumika kwa mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini za magari, mahali palipokuwa pa aluminiamu. Nyuzi zake huimarisha matairi ya ndege. Asidi kali huiharibu, na jua huichosha isipochanganywa na masizi ya kaboni.

Panapotakiwa vipimo visivyobadilika, wahandisi huchagua nailoni 12 (yaani kaboni kumi na mbili, si moja na mbili), ambayo amidi zake zimeachana mbali na hivyo hunywa maji kidogo sana. Ndiyo hutumika kwa mabomba ya mafuta na ya breki za hewa za malori. Mimi kwa bushi za pampu sasa hutumia asetali, plastiki nyingine ngumu inayonywa maji kidogo. Na mteja akisisitiza apewe nailoni, huacha nafasi ya milimita 0.4 na kumweleza kwamba mlegeo anaouhisi leo utajazwa na maji.