Nilivyoitega sindano ya santuri hadi herufi S ikatulia

Nilipopata mashine ya santuri nilijiwekea sharti: sisikilizi muziki hadi niwe nimeipanga sawasawa. Sauti hutoka hata usipopanga chochote, na ndiyo maana wengi huishia hapo. Lakini sindano inapita ndani ya mfereji mwembamba kama unywele, na katika santuri ya stereo ukuta mmoja umebeba sauti ya kushoto, mwingine ya kulia. Ikikaa upande kidogo tu, masikio yanajua.

Meza niliisawazisha kwa pimamaji, haikuchukua muda. Uzito wa sindano niliupima kwa mizani ndogo ya kidijitali. Katriji yangu, yaani kichwa kidogo kinachoshika sindano, inataka karibu gramu 1.8. Wengi huogopa uzito mkubwa peke yake, kumbe hata sindano nyepesi mno huharibu santuri, maana hurukaruka na kugonga kuta za mfereji.

Kazi yenyewe ilikuwa kuilenga katriji. Kifaa kilichochonga santuri kilisafiri kwa mstari ulionyooka kuelekea katikati, ilhali mkono wa mashine yangu umeegemea sehemu moja na unapita kwa mkunjo. Kwa hiyo pembe ya sindano na mfereji hukaa sawa kabisa mahali pawili tu. Kwa kipimo nilichotumia, ni milimita 66 na takriban 121 kutoka katikati. Nililaza karatasi ya kipimo juu ya sahani inayozungusha santuri, nikalegeza skrubu mbili, nikaisogeza katriji huku nikichungulia kwa lenzi. Alama ya kwanza inakubali, ya pili inakataa. Nasogeza tena. Na kila ukisogeza, uzito nao unabadilika, unarudi kwenye mizani. Hapa hapana njia ya mkato, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote za uraibu huu.

Ndipo nikaruhusu muziki, wimbo mmoja tu, wa mwisho wa upande, wenye sauti ya mwanamke. Sababu ni hii: santuri ndefu (LP) huzunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini pembeni mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na lebo ni kama 20 tu. Sauti imebanwa pale. Herufi S, inayokwaruza upesi sindano ikikaa vibaya, ikisikika safi pale, kwingine kote hakuna shida.

Nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati na kuandika daftarini nilichosikia. Spika ya kulia ilikuwa ikikwaruza kuliko ya kushoto, dalili kwamba mkono unavutwa mno kuelekea katikati ya santuri. Nikaongeza kidogo kidogo nguvu ya kuuvuta nje, nikirudia wimbo uleule kila mara, hadi pande zote mbili zikalingana. Sasa S zinatulia, na besi nazisikia noti kwa noti. Daftari bado ninalo: nikibadilisha sindano, naanzia ukurasa wa kwanza.