Hodi kwa ng'ombe wa watu

Nimekulia Ngamiani, Tanga, ambako kukatiza uani kwa mtu bila kupiga hodi ni kesi ya wiki nzima. Sasa Jumamosi iliyopita mimi na shoga yangu wa Lamu, tunayefanya naye kazi wodi moja, tumekatiza mashamba ya watu kilomita 28 hivi, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Tulishuka stesheni ya Southease, kusini mwa Uingereza, saa mbili asubuhi. Hapo ndipo inapopita South Downs Way, njia ya kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne. Sisi tulitaka mkia wake tu. Kilima cha kwanza, Itford Hill, kilitutoa jasho kabla chai haijashuka tumboni.

Geti la kwanza, nyuma yake ng'ombe.

"Shoga, hapa pa mtu hapa. Tuna ruhusa kweli?"

Nikamweleza nilivyoelezwa na jirani yangu mzee: ardhi ina mwenyewe, lakini njia ni ya umma. Mwenye shamba atafuga, atalima, ataweka uzio, ila njia hawezi kuifunga. Wajibu wako wewe ni kurudishia geti. Akanisikiliza hadi mwisho, akashika komeo, akawageukia wale ng'ombe: "Hodi jamani!" Kuanzia hapo kila geti tukawa tunapiga hodi. Kondoo waliitika, ng'ombe walitutazama tu kama makarani wa mapokezi.

Kileleni Firle Beacon, mita 217, upepo ulitaka kuondoka na mtandio wangu. Kulia bahari, kushoto mashamba hadi macho yachoke. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa huku ni chaki. Chaki ikilowa ni sabuni. Nilianguka mara moja, na mkono ukatua juu ya mawe ya gumegume. Yamejaa njiani, yana makali kama chupa iliyovunjika. Plasta ninazo, mimi ni muuguzi, lakini zilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya chapati.

Chapati tulizila kijijini Alfriston, tukiitazama nyumba moja ya zamani iliyoezekwa kwa nyasi. National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale, liliinunua mwaka 1896 kwa pauni 10, jengo lake la kwanza kabisa. Shoga akasema pauni 10 leo ni chai mbili na keki ya kugawana.

Hapo njia inagawanyika: farasi na baiskeli hupita bara kupitia Jevington, waenda kwa miguu hushuka na mto Cuckmere hadi pwani, kwenye majabali ya Seven Sisters. Eti dada saba. Mimi nilihesabu vilima vinane, na magoti yangu ni mashahidi. Majabali yenyewe ni meupe kama ukuta uliopakwa chokaa kuamkia Idi, na weupe ule hautokani na usafi. Bahari inayala kila mwaka, yanamomonyoka, na kila yakimomonyoka yanatoa uso mpya. Ndiyo maana hatukusogea ukingoni, japo vijana walikuwa wamekaa pale wananing'iniza miguu wapigwe picha. Niliwakaripia kwa Kiswahili. Walisogea.

Mbele kidogo ya Birling Gap kuna mnara wa zamani wa taa, Belle Tout. Bahari ilipoukaribia, mwaka 1999 waliusukuma mzima mzima mita 17 kurudi nyuma. Nyumba ya ghorofa, inasukumwa kama kabati! Shoga alisimama pale muda mrefu. Kwao Lamu pia anajua nyumba zinazopiganiwa na bahari, ila hakusema kitu, alikunywa maji tu.

Beachy Head, jabali la mita 162, tuliipita tukiwa kimya kwa uchovu. Ikabaki kushuka mjini Eastbourne, vidole vya miguu vikigonga mbele ya kiatu kila hatua.

Nilikuwa nimehesabu mageti 23. La 24 lilikuwa la stesheni. Shoga akapiga hodi, likakataa kufunguka, tukaanza kupekua mabegi kutafuta tiketi.