Soma jumla ya mita, usisome matumizi

Ghorofa la ofisi pale Posta au Upanga, Dar es Salaam, huwa na mita kubwa ya TANESCO, mita ya maji ya DAWASA, jenereta, na mita ndogo za wapangaji. Zile mbili za kwanza zina lakiri, usiziguse. Funga mita yako baada ya hizo, kisha hiyo ndiyo uiunganishe na mfumo wa jengo, yaani kompyuta inayokusanya namba za mita zote.

Mita nyingi za umeme za kwenye paneli hutumia Modbus RTU (lugha ya vifaa kuzungumza) juu ya RS-485 (aina ya laini ya data). Kebo iwe ya nyaya mbili zilizosokotwa, ipite mita moja hadi nyingine kwa mstari mmoja bila matawi, na rezista ya ohm 120 ikae kwenye ncha mbili tu. Spidi ya data na pariti (biti ya kukagua makosa) zifanane kote, na kila mita iwe na anwani yake: mbili zenye anwani moja hujibu kwa pamoja na hakuna inayoeleweka. Mita isipojibu, geuza nyaya za data, A na B, kabla ya kulaumu kifaa, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi.

Ikijibu kwa namba za ajabu, angalia rejista, yaani nafasi yenye namba ambamo mita huweka kipimo. Vitabu vingi huanza kuhesabu 40001, programu huanza 0. Pia kWh (uniti za umeme) mara nyingi hukaa kwenye rejista mbili, na ukizisoma kwa mpangilio uliopinduka utapata takataka.

Hatari zaidi ni namba inayoonekana ya kweli. CT (transfoma ya kupimia mkondo) ya 400/5, yaani inayoshusha ampea 400 kuwa 5, kwenye mita iliyowekewa 200/5 itaonyesha nusu ya matumizi, na hakuna atakayeshtuka. CT moja ikifungwa kinyume, fezi hiyo inasoma kW hasi. Mzigo ukiwa sawa kwenye fezi zote, jumla inabaki theluthi moja ya ile halisi. Ukienda kurekebisha, zima mzigo au shotisha (unganisha pamoja) kwanza teminali za CT. Waya wa CT ukiachwa wazi mkondo ukipita, volteji inayozuka inaweza kuua.

Kwa maji, mita hutoa mpigo, tuseme mmoja kwa kila lita 10, yaani mipigo 100 kwa uniti (lita 1,000). Swichi yake hudundadunda inapofunga, kwa hiyo weka kichujio cha milisekunde 20 hadi 50, la sivyo mpigo mmoja utahesabiwa mara mbili. Umeme ukikatika na kontrola (kifaa kinachohesabu mipigo) ikazimika, mipigo ya muda huo imepotea. Ipe betri.

Rekodi jumla ya mita (namba inayozidi kupanda tangu ifungwe) kila dakika 15, matumizi utayatoa baadaye kwa kutoa namba mbili. Mtandao ukikatika kwa muda wa saa sita, jumla bado ni sahihi. Ukirekodi matumizi pekee, hizo saa sita hazirudi.

Jenereta nayo ipewe mita yake. Bila hiyo, mwezi wenye kukatika kwa umeme mita za wapangaji zitazidi ya TANESCO, na ugomvi wa bili utaanza. Saa ya seva nayo iwe ya Afrika Mashariki. Ikiachwa kwenye UTC (saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu), siku ya ripoti itaanza saa 9 usiku.

Kabla ya kukabidhi kazi, piga picha uso wa kila mita na skrini ya mfumo kwa wakati mmoja, rudia baada ya wiki, kisha linganisha tofauti. Zisipolingana, bili zisitoke.